Kochi Moja, Chupa 490: Hesabu ya Vitambaa vya Taka Unguja

Kochi la watu 3 hula mita 12 hivi za kitambaa chenye upana wa mita 1.4. Kitambaa cha gramu 350 kwa mita ya mraba kitafikisha kilo 5.9. Tuseme kimefumwa kwa uzi wa chupa za maji za nusu lita, kila chupa gramu 15, na asilimia 20 imepotea katika kuosha na kusaga. Kochi hilo limemeza chupa 490.

Hesabu hiyo inavutia, na wengi wanajiuliza kwa nini Unguja isijenge kiwanda cha kusokota uzi wa chupa zake yenyewe. Jibu liko kwenye tani.

Chupa hazitoshi

Mtambo mdogo wa biashara unaoyeyusha chupa kwa nyuzijoto 250 hivi na kuzigeuza nyuzi za poliesta huhitaji takriban tani 10 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni tani 3,000 kwa mwaka.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii 736,755. Kila mmoja akikaa siku 8 na kumaliza chupa moja kubwa ya gramu 30 kwa siku, tunapata tani 177. Mtambo utazimaliza kwa siku 18. Tuongeze wenyeji: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Kila mtu akitumia chupa ndogo moja kwa wiki, zinaongezeka tani 1,474. Jumla ni tani 1,651, yaani asilimia 55 ya mahitaji ya mtambo, na hapo tumeokota kila chupa bila kuacha hata moja. Tukiokota nusu, mtambo utafanya kazi siku 83 na kulala zilizobaki.

Mwaka 2019 Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa ndala kuukuu 30,000, lilisafiri hadi Zanzibar. Liliamsha watu pwani nzima, na plastiki yake ilikuwa tani 10 hivi. Huo ni mlo wa siku moja wa mtambo tunaouzungumzia.

Kwa hiyo chupa za Unguja zifungwe marobota zivuke kwenda Dar es Salaam, kwa wanunuzi wanaokusanya mzigo wa nchi nzima. Kujenga kiwanda kitakacholala ni kutupa fedha juu ya taka.

Mashuka yanatosha

Kuna taka nyingine ambayo kisiwa kinaweza kuigeuza kitambaa bila tanuri. Chukua hoteli ya vyumba 50 yenye seti 3 za mashuka kwa kila chumba, mashuka 2 kwa seti. Hayo ni mashuka 300. Yakibadilishwa kila miaka 3, mashuka 100 yanastaafu kila mwaka. Shuka la pamba la mita 2.4 kwa 2.6 lina gramu 870 hivi, kwa hiyo ni kilo 87. Ondoa asilimia 20 iliyochakaa mno, zinabaki kilo 70.

Yachanwe vipande vyembamba, yatiwe rangi, yawe mshindio kwenye mtande wa uzi mpya. Mita ya mraba ikila gramu 700 za mshindio, tunapata mita za mraba 100 za kitambaa kizito. Mto wa kiti wa sentimita 50 kwa 50, unene 10, unahitaji mita za mraba 0.9. Hoteli moja, mito 110 kila mwaka.

Mfumaji akitoa mita za mraba 3 kwa siku kwa ujira wa shilingi 20,000, kazi yote ni siku 33 na shilingi 660,000: shilingi 6,000 kwa mto, kabla ya mtande, rangi na ushoni. Fedha hiyo inabaki kisiwani, mikononi mwa mtu.

Hata cha kujazia kipo. Makumbi 1,000 hutoa kilo 80 hivi za usumba, kazi ambayo wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wameifanya miaka mingi kwa kuzika makumbi ufukweni yalainike. Mto wa kilo 2 ni makumbi 25.

Mahali pa kila kitambaa

Pamba hushika ukungu kwenye unyevu wa chumvi, na huungua upesi. Barazani na kando ya bwawa, poliesta ya chupa inayoletwa na meli itadumu zaidi. Chumbani na sebuleni penye hewa, mshindio wa mashuka unafaa, mradi upimwe kwa moto na kwa msuguano: makochi ya hoteli hutakiwa kuhimili misuguano 30,000 au zaidi kwenye mashine ya Martindale.

Mwaka 2023 dunia ilizalisha tani milioni 124 za nyuzi, na nguo zilizogeuzwa nguo tena hazifiki hata asilimia 1. Mwenye hoteli anayetaka kupunguza aibu hiyo aanze na stoo yake ya mashuka: ayahesabu, ayapime, kisha amwite fundi makochi kabla hajaagiza hata mita moja kutoka nje.