Jioni Moja Katika Baa Kongwe za Saint Paul



Katika arusi moja iliyofanyika hapa Maplewood hivi karibuni, shemeji yetu aliyerejea kutoka California alituketisha chini na kutusimulia habari za Palm Springs. Huo ni mji wa mapumziko uliojengwa jangwani, na wageni waendao huko hupenda kutumia jioni nzima wakihama kutoka ukumbi mmoja wa kale wa vinywaji hadi mwingine. Alikuwa ameketi Melvyn's, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1975 ndani ya Ingleside Inn, mahali palipopendwa na mwimbaji Frank Sinatra, na mwendo mfupi tu ukamfikisha kwenye kaunta ya pili, kisha ya tatu. Kabla hajamaliza masimulizi, meza nzima ilikwisha kata shauri: nasi tufanye vivyo hivyo, ila hapa hapa kwetu. Kazi ya kupanga nikatwishwa mimi, nadhani kwa kuwa ndiye pekee niliyekuwa nikinywa soda.

Niliikubali kazi hiyo kwa shingo upande, na sababu yake nitaieleza. Kwanza tutazame safari yenyewe.

Maplewood si Palm Springs. Mji wetu ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1957, na umeizunguka Saint Paul upande wa kaskazini na mashariki kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Tuna kampuni ya 3M, tuna jumba la maduka lililofunguliwa mwaka 1974, tuna maziwa na bustani, lakini hatuna mtaa wa zamani ambao mtu aweza kuutembea kutoka mlango hadi mlango. Baa kongwe ziko Saint Paul. Kwenda huko ni kwa gari, na kurudi pia ni kwa gari, usiku.

Njiani kuelekea mjini tutapita kwenye majengo ya matofali yaliyokuwa kiwanda cha bia cha Hamm's. Theodore Hamm, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikichukua kiwanda hicho mwaka 1865, na bonde lililo kando yake, Swede Hollow, likawa makazi ya wahamiaji maskini kwa vizazi kadhaa: Waswidi, Waitalia, kisha Wameksiko. Bia haijatengenezwa katika jengo kuu tangu 1997. Tarehe 15 Juni 1933 mjukuu wa mwanzilishi, William Hamm, alitekwa nyara akitoka kazini, na majambazi wa kundi la Barker na Karpis wakalipwa dola 100,000 ndipo wakamwachilia. Mahali hapa hatushuki. Tutapunguza mwendo tu, tutazame, tuendelee.

Ili kuzielewa nyumba tutakazoingia, hapana budi kukumbuka marufuku ya pombe. Kuanzia Januari 1920 hadi tarehe 5 Desemba 1933 ilikuwa kosa nchini Marekani nzima kutengeneza au kuuza kileo. Sheria ya kuitekeleza marufuku hiyo ilibeba jina la mbunge Andrew Volstead, mtu wa Granite Falls, mji mdogo wa jimbo letu hili la Minnesota. Ajabu ni kwamba jimbo lililoizaa sheria ndilo lililoivunja kwa bidii. Wakulima wa Stearns County walipika pombe kali ya mahindi iliyojulikana kwa jina la mbegu yenyewe, Minnesota 13. Sisi tuliokulia karibu na mitambo ya gongo na chang'aa tungeitambua kwa harufu tu. Na Saint Paul, mji mkuu, ulikuwa na utaratibu wake wa pekee. Tangu enzi za mkuu wa polisi John O'Connor, mhalifu aliyetoka kwingine aliruhusiwa kukaa mjini kwa raha mustarehe, mradi ajitambulishe, atoe chochote, na asitende uhalifu ndani ya mipaka ya mji. Kufikia miaka ya 1930 mpango huo ulikuwa umeoza kabisa, na utekaji wa Hamm ni ushahidi mmojawapo.

Kituo cha mchana, ambacho watoto pia watakuwapo, ni mapango ya Wabasha, ng'ambo ya mto. Yalichimbwa kwa ajili ya mchanga wa silika, yakaoteshwa uyoga, kisha Oktoba 1933, marufuku ikielekea ukingoni, yakafunguliwa humo ukumbi wa fahari ulioitwa Castle Royal, wenye bendi na sakafu ya dansi chini ya mwamba. Humo hupitishwa wageni kwa ziara za kueleza historia. Vaeni sweta hata kama nje kuna joto, kwa maana ndani ya pango hakuna kiangazi.

Baada ya hapo watoto watarudi nyumbani na mashangazi waliojitolea, nasi wakubwa tutapanda mlima hadi Commodore, mtaa wa Cathedral Hill. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1920 likiwa hoteli ya makazi, na mwandishi Scott Fitzgerald, mzaliwa wa mji huu, alikaa humo na mkewe Zelda mapema katika muongo huo. Wageni wengi huuliza ni kiti kipi alichokalia Fitzgerald kwenye baa. Kumbe wanauliza habari za kiti ambacho hakikuwapo, kwani ukumbi huo wenye vioo na mistari ya Art Deco, kazi ya msanifu Werner Wittkamp, ulipambwa baada ya marufuku kuondolewa. Mlipuko wa gesi uliliharibu jengo mwaka 1978, lakini baa ikanusurika. Ilifunguliwa tena kwa umma mwaka 2015, na kwa kuwa nyumba za namna hii hufungwa na kufunguliwa bila taarifa, nitapiga simu wiki ile ile ya safari. Tusije tukafanana na watu waliokwenda Nye's, baa ya Wapolandi ya Minneapolis iliyoanzishwa mwaka 1950, wakaukuta mlango umefungwa mwaka 2016; iliyofunguliwa baadaye mahali pale pale ni ndogo kuliko ile ya kwanza.

Tukiwa juu ya Cathedral Hill, nitawaomba mtazame upande wa kaskazini, ilipo barabara kuu ya I-94. Chini ya lami hiyo ulikuwapo mtaa wa Rondo, moyo wa Wamarekani Weusi wa Saint Paul, uliobomolewa miaka ya 1950 na 1960 ili magari yapite. Nalileta jambo hili katika makala ya vinywaji kwa sababu haki ya mtu mweusi kuketi kwenye kaunta ya Minnesota ilipiganiwa bungeni. Sheria ya mwaka 1885 ilikataza ubaguzi katika hoteli na mahali pa umma, lakini mwaka 1898 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba baa hazimo ndani ya sheria hiyo. Mwaka uliofuata John Francis Wheaton, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo hili, alipeleka mswada, na baa zikaingizwa. Kwetu nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904, na kwa miongo mingi mzee wa Kiafrika aliijua baraza yake kwa kubeba sinia tu. Pombe kali yenyewe sheria ya kikoloni ilimkataza hadi miaka ya 1950. Basi mtakapoketi na kuulizwa mnataka nini, ketini vizuri.

Kutoka mlimani tutateremka hadi Saint Paul Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1910 mbele ya Rice Park. Hapo ni mahali pa glasi moja ya polepole. Ng'ambo ya bustani mtaliona Landmark Center, jumba la minara lililokuwa mahakama ya serikali kuu, ambamo majambazi wa miaka ya 1930 walihukumiwa.

Kituo cha mwisho ni Mancini's, barabara ya West Seventh. Nick Mancini, mtoto wa familia ya Kiitalia, alianza hapo na baa ndogo mwaka 1948, akaongeza jiko la kuchoma nyama kwa makaa, na alipofariki mwaka 2007 watoto wake waliishika nyumba. Kuna viti vyekundu, kuna jukwaa la bendi, na kuna nyama. Nimepaweka mwisho kwa makusudi ili watu wale chakula kizito kabla ya kurudi, ingawa wenye busara zaidi watakula kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa nieleze sababu ya kusitasita kwangu.

Miaka michache iliyopita wanaume sita wa jumuiya yetu walikwenda kumuaga mwenzao aliyehamia jimbo jingine. Walikunywa kama tunavyokunywa nyumbani, kwa raundi: huyu ananunua kwa wote, kisha yule, na hakuna anayekubali kuondoka kabla ya zamu yake kufika, maana angeonekana mchoyo. Watu sita, raundi sita. Ndugu mmoja, ambaye sitamtaja, alisimamishwa na polisi kwenye barabara ya 61, karibu kabisa na nyumbani. Kipimo cha pumzi kilionyesha 0.14, na mpaka wa sheria ya Minnesota ni 0.08. Leseni ilichukuliwa. Kazi yake ilikuwa ya zamu ya usiku, mahali ambapo basi halifiki saa hizo, nayo ikapotea. Kisha likaja lililo zito. Alikuwa ameomba uraia, na mwombaji aliye chini ya uangalizi wa mahakama hawezi kupewa uraia mpaka muda huo umalizike. Mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mzazi wake. Raia ndiye awezaye. Mama yake alikuwa Mwanza, amekwisha pima afya na kuwaaga majirani.

Tangu Oktoba 2019 mambo yamekaza zaidi. Kwa uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani katika shauri la Castillo-Perez, mtu aliyetiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa kuendesha akiwa amelewa, ndani ya kipindi kinachochunguzwa, huhesabiwa kuwa hana tabia njema mpaka athibitishe kinyume. Na aliyeko hapa kwa viza aweza kufutiwa viza hiyo kwa kukamatwa tu. Mwenyeji anayerudia kosa, au anayepatikana na 0.16, hupewa namba za gari zinazoanza kwa herufi W, ambazo watu huziita namba za wiski. Ni aibu barabarani, lakini hakuna anayemfukuza nchini. Tunakunywa katika glasi zile zile, ila gharama yetu ni nyingine.

Kwa hiyo safari hii haitakuwa na raundi. Kila mtu atafungua hesabu yake na kuilipa mwenyewe, pamoja na bakshishi ya mhudumu, ambayo ni asilimia 15 hadi 20. Mtu akitaka kumkirimu mwenzake, amnunulie nyama. Najua baadhi ya wazee wataliona jambo hili kuwa utovu wa adabu, na nimekwisha ambiwa hivyo na wawili. Nawaomba radhi, lakini sibadilishi.

Hesabu ya kipimo nayo ijulikane. Hapa kipimo kimoja ni bia ya mililita 355, au divai glasi ndogo ya mililita 150 hivi, au pombe kali mililita 44. Ini huhitaji kama saa moja kukimaliza kila kimoja, na kahawa haiharakishi kitu. Chupa ya nusu lita tuliyoizoea nyumbani inazidi kipimo hicho, na martini moja ya ukumbi wa kifahari huweza kuwa vipimo viwili katika glasi nyembamba inayoonekana haina neno.

Chukueni vitambulisho. Aliye na leseni au kitambulisho cha jimbo lolote la Marekani hana tabu. Tangu Oktoba 2023 Minnesota hutoa leseni bila kuuliza hali ya uhamiaji. Asiye nayo achukue pasi yake ya kusafiria, asitegemee leseni ya Kenya au Tanzania. Wasiotumia kileo, kwa dini au kwa hiari, wanakaribishwa na watapata juisi zilizotengenezwa kwa ufundi ule ule wa kokteli. Wale ambao hata kuingia baa hawapendi waje mapangoni mchana, na hakuna atakayewauliza zaidi.

Neno dogo kwa wapenda majaribio: mwombeni mhudumu awatengenezee dawa. Kinywaji hicho kilipata umaarufu Nairobi katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980: vodka, ndimu iliyokatwa, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa asali cha kupondea. Huenda hajakisikia, lakini vitu vyote anavyo, na kumwelekeza ni nusu ya raha. Bila vodka nacho ni kitamu. Mimi nitakinywa hivyo.

Tutaondoka Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, saa nane mchana. Magari ni mawili, ya viti saba kila moja. La kwanza nitaliendesha mimi. La pili ataliendesha yule ndugu wa barabara ya 61, ambaye leseni yake ilikwisha rudi na ambaye alijitolea kabla sijamaliza kuuliza. Mama yake bado yuko Mwanza. Karatasi ziliwasilishwa upya majira ya kuchipua. Majina yaandikishwe kwangu kabla ya tarehe 10.