Zimwi Limezalo Watu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mazimwi. Najua wako watakaocheka, wakisema, Hayo ni mambo ya watoto na bibi zao jikoni. Lakini nawaomba mnisikilize hata mwisho, maana ndani ya hadithi hizi mna neno moja ambalo watu wazima wamelisahau, na kwa kulisahau wamemwaga damu.

Tuanze Tabora. Zamani za misafara, njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ambalo maji yake ni adimu, ikafika Unyanyembe, ndiko Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Haikuwa safari ya siku mbili tatu. Burton na Speke, walipoifuata mwaka wa 1857, waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Unyanyembe mwezi wa Novemba. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, nao walichanganyika na watu wa pwani kambini na mjini. Mchana walichukua pembe na majora ya nguo. Usiku, mizigo ikiisha kutuliwa, palikuwa na moto na mazungumzo. Basi si ajabu tukiona hadithi za bara na za pwani zinafanana kama ndugu.

Wasukuma, ambao ni jirani na ndugu wa Wanyamwezi, husimulia habari za zimwi liitwalo Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yao yote, akasalia mwanamke mmoja tu mwenye mimba, aliyejificha katika chungu ya pumba. Akazaa mtoto mwanamume, jina lake Masala Kulangwa. Na neno masala kwa Kisukuma ni akili. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, watu wengine wako wapi?" Mama akamweleza. Mtoto akatoka kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akarudi mbio akipiga kelele, "Mama, nimeliua!" Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, huyu ni panzi tu." Siku nyingine akaleta ndege, na siku nyingine paa, na kila mara mama alimjibu, "Siye." Hata siku moja akakutana na Shing'weng'we lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima.

Sasa shukeni nami mpaka pwani. Huko Unguja Askofu Edward Steere alikusanya hadithi za Waswahili, akazipiga chapa mwaka wa 1870. Mojawapo ni ile ya Sultani Majnuni na Nunda mla watu. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alianza kula ndama. Watu wakaenda kushitaki, sultani akawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, na jibu likawa lile lile, hata akala watu, na mwisho akala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo mwana mdogo, aliyedharauliwa kwa kuwa hukaa jikoni, akaenda kumwinda. Naye kila alipoua mnyama alimpelekea mama yake, na mama akamwambia kuwa huyu siye Nunda mla watu. Mpaka alipomwua Nunda mwenyewe.

Wala si sisi peke yetu. Wasotho, kule kusini ya Afrika, husimulia zimwi Kammapa aliyewala watu wote, asibaki ila mwanamke mmoja aliyejipaka majivu akajificha zizini mwa ndama. Na mwanawe, Litaolane, ndiye aliyewaokoa. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Kronos, aliyewameza watoto wake mwenyewe, mpaka mama yao alipomvika jiwe nguo za mtoto akampa, na mtoto Zeus akapona.

Watu wengi husikia katika hadithi hizi ushujaa wa kijana tu. Mimi naomba mwangalie maneno ya mama. Kijana ana nguvu na hamu ya kuua. Mama ana kipimo. Kama mama angalimshangilia aliyeleta panzi, kijana angaliridhika, na zimwi lingaliendelea kumeza. Tena hadithi ya Kisukuma ina jambo jingine: Masala Kulangwa alipolipasua tumbo kwa nia njema, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwamo ndani, asiye na kosa lo lote. Kisu hakichagui.

Hapa ndipo hadithi inapotugusa. Kati ya mwaka wa 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukuma. Mauaji ya namna hiyo yaliendelea hata baadaye. Mtoto huugua, au ng'ombe hufa. Watu wenye huzuni hutafuta zimwi lililomeza mali yao. Ndipo humwona bibi kizee mwenye macho mekundu, husema, Ndiye huyu. Lakini macho yake yamekuwa mekundu kwa sababu amepika miaka hamsini penye moshi wa kuni na wa samadi, ili hao hao wanaomshitaki wapate kula.

Aliyemwua bibi huyo hakuliua zimwi. Kesho mtoto mwingine ataugua, maana homa ingali katika mbu na tumbo la kuhara lingali katika maji machafu, wala panga haliwezi kuzifikia.

Basi, ninyi mtakaosimulia hadithi hii nyumbani usiku wa leo, msiiharakishe mpaka kwenye kuuawa kwa zimwi. Kaeni kidogo pale mama anaposema, "Siye." Na siku kijijini mwenu watakapopiga kelele kwamba zimwi limepatikana, awepo mmoja wa kulisema neno hilo. Kwaherini.