Waya Unaokula Jua

Nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Nyasho mjini Musoma, televisheni ilikuwa ikizima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Juu ya bati kuna paneli mbili za wati 100, pembeni ya kabati kuna betri ya N100, na bado giza. Betri ya kwanza ilionekana mbovu ikauzwa chakavu. Ya pili ikaanza kuchoka kabla haijamaliza mwaka. Fundi aliyefunga sola alipoulizwa, alisema betri za siku hizi hazidumu.

Nikapanda darini na tochi. Katikati ya waya unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye kontrola ya kuchaji betri palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imelegea, inanata, inanuka plastiki iliyoungua. Nilikigusa nikaondoa kidole haraka.

Je, wajua kwamba waya hula umeme? Shaba hupitisha umeme vizuri, lakini haipitishi bure. Kila mita hutoza ushuru wake, na ushuru huo hulipwa kwa volti. Kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 hatuuoni. Televisheni ya wati 60 huvuta kama robo tu ya ampea. Televisheni ya wati hizohizo kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Na kwa kuwa hasara ya ndani ya waya hupanda kwa mraba wa mkondo, waya uleule, ukibeba wati zilezile, kwenye volti 12 hupoteza nguvu zaidi ya mara 360 ya inayopotea kwenye volti 230. Hapo ndipo mazoea humponza fundi. Amefunga nyumba nyingi kwa waya wa 1.5, yaani wa milimita za mraba 1.5, na taa zikawaka, basi na sola anaifunga vivyo hivyo.

Waya wa darini kwa shangazi ulikuwa huo wa 1.5. Kutoka paneli hadi kontrola ni mita 10, yaani 20 kwenda na kurudi. Hesabu yake haitaki shule kubwa: chukua 0.0175, zidisha kwa mita za kwenda na kurudi, gawanya kwa milimita za mraba za waya, zidisha kwa ampea. Paneli zile mbili hutoa kama ampea 11 jua likiwaka. Jibu ni karibu volti 2.6, zote zimeliwa njiani.

Utasema si kitu, maana nyuma ya paneli imeandikwa volti 18. Lakini hizo 18 zilipimwa kiwandani, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati la Musoma, saa saba mchana, seli hufika nyuzi 60, na volti huteremka hadi 15 na kidogo. Toa 2.6. Betri ya asidi hutaka kama volti 14.4 ili ijae, na ya shangazi haikuwahi kuziona. Betri inayolala nusu njaa kila siku huota fuwele ngumu za salfati kwenye bamba zake za risasi, na bamba zilizoganda namna hiyo hazipokei tena chaji kama zamani. Kwa waya wa 6, ushuru ungeshuka hadi volti 0.64.

Kiungo kile nacho kilikuwa na hasara yake. Nyaya zilizosokotwa hugusana kwa nukta chache, hewa na unyevu huingia, shaba hupata kutu, na ukinzani hukua. Ukifika omu 0.1 tu, mkondo wa ampea 10 huzalisha hapo joto la wati 10. Balbu nzima ya LED ya sebuleni hutumia kama hizo. Zirundike wati hizo mahali padogo kama punje ya hindi, chini ya tepu, juu ya mbao kavu za dari, mchana kutwa, kila siku. Kiungo hutakiwa kibanwe kwa soketi yake na koleo lake, au kisiwepo kabisa.

Dukani kuna mtego mwingine: waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje. Alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 61 tu ya shaba, hivyo 2.5 yake haifikii 2.5 ya kweli. Kwangua kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, urudishe.

Nilipomwita fundi yuleyule aje aone, aliingia na shikamoo yake na adabu zote. “Mama, usiogope,” alimwambia shangazi. “Volti 12 hata mtoto akishika haimpigi.” Ni kweli, haimpigi. Lakini betri ya namna ile ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Spana ikidondoka kati ya chanya na hasi huweza kuchomelewa hapohapo. Paneli ina upole zaidi, kwa kuwa hata ikipigwa shoti mkondo wake huzidi kidogo tu ule wa kazi. Ndiyo maana fyuzi inakaa jirani kabisa na kichwa cha chanya cha betri, na kazi yake ni kuulinda waya usiwake. Kwa shangazi, palipotakiwa kuwa na fyuzi palikuwa na uzi wa shaba.

Mambo hubadilika kabisa unapofika kwenye pampu kubwa za umwagiliaji. Paneli 10 za volti 40 zikifungwa kwa mfululizo ni volti 400, na hizo zinaua. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu, husimama mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi hufa yenyewe. Mkondo mnyoofu wa sola hausimami. Cheche hujivuta kama uzi wa moto na kuyeyusha swichi ya kawaida. Na jua halina swichi, paneli hufunikwa. Ongeza radi, maana anga la Ziwa Victoria ni kati ya yenye radi nyingi zaidi duniani. Nyaya za chanya na hasi zilazwe pamoja, bila kitanzi kipana kati yake, kwa sababu kitanzi hunasa msukumo wa radi iliyopiga jirani.

Kabla hujamkabidhi mtu kazi kama hizi, kumbuka kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme, na kumwomba fundi akuonyeshe yake si kumvunjia heshima.

Tuling’oa waya wote tukaweka wa 6, mzima bila kiungo, na fyuzi halisi. Jumamosi iliyofuata, saa saba mchana, mita ilisoma 14.4 kwenye vichwa vya betri. Shangazi aliutazama waya ule wa zamani uliojikunja sakafuni.

“Kwa hiyo ile betri niliyoiuza chakavu haikuwa na kosa?”

“Ilikosa chakula, shangazi.”

Akanyamaza. Kisha akaniletea kalamu ya wino mzito, nimwandikie ukutani juu ya kontrola: waya wa 6, fyuzi ya ampea 20.