Je, Wajua? Hofu ya Aza ni hofu ya mwandishi

Je, wajua kwamba John Green, mwandishi Mmarekani aliyevuma kwa riwaya ya The Fault in Our Stars (2012), mwenyewe anaishi na ugonjwa wa akili wa mawazo sumbufu na vitendo vya kujirudia? Mwaka 2017 alitoa Turtles All the Way Down, riwaya ya vijana kuhusu Aza Holmes, msichana wa miaka 16 wa Indianapolis anayehofia bakteria wa tumboni kupita kiasi. Aza hujichoma ukucha kwenye ncha ya kidole hata kidonda hakiponi. Hukisafisha, hubandika plasta mpya, na punde wasiwasi humrudia: kimetakata kweli? Wanaodhani ugonjwa huu ni kupenda usafi tu wamekosea sana. Mara nyingi mgonjwa anajua hofu yake haina msingi, ila kujua hakumtulizi. Kila akilitii wazo hupata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo ndiyo inayolipa wazo nguvu ya kurudi. Green hakumponya Aza mwishoni mwa kitabu, na alifanya vyema. Filamu ya riwaya hiyo, iliyoongozwa na Hannah Marks, ilitoka mwaka 2024.