BIBLIA NA MASHAHIDI WA NJE

Shauri la shamba likiletwa mbele ya wazee wa Marachi, iwe Butula au Bumala, wana wa nyumba hupewa nafasi ya kusema kwanza. Lakini wazee hawakati shauri kwa maneno yao peke yake. Huitwa pia jirani asiye na fungu katika shamba lile, mtu aliyelima ng'ambo ya kijito kwa miaka mingi, naye huulizwa mpaka ulipita wapi. Pengine jirani huyo hapatani hata kidogo na wenye shamba. Hiyo ndiyo sababu neno lake huwa zito: akikubali kwamba mti wa mpakani ulipandwa na marehemu, hakuna awezaye kusema kwamba amenena kwa upendeleo.

Desturi hiyo yafaa kukumbukwa na kila Mkristo asomaye Biblia, na hasa na wazazi ambao watoto wao hurudi kutoka shuleni na vyuoni wakiwa na maswali magumu. Kijana huuliza: mambo haya yaliandikwa na watu wa imani tu, au wako watu wengine wa zamani zile walioyajua? Baadhi ya wazazi hukasirika na kumnyamazisha. Hawana haja. Swali hilo halina ufidhuli ndani yake. Ni swali lile lile la wazee wa baraza, nalo lina majibu.

MIAKA IHESABIWAYO KWA WATAWALA

Mwinjili Luka, katika sura ya tatu ya kitabu chake, ataka kueleza ni lini Yohana Mbatizaji alianza kuhubiri. Hatoi tarehe kama zilivyo katika kalenda zetu. Asema ulikuwa mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, tena awataja Pontio Pilato, Herode, Filipo, Lisania, na makuhani Anasi na Kayafa. Kwa kuwa yajulikana katika historia ya Roma kwamba Tiberio alianza kutawala mwaka 14, mwaka wake wa kumi na tano waangukia kama 28 au 29.

Hesabu ya namna hii si ngeni kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Mzee akisema kwamba baba yake alizaliwa wakati wa Hobley, hana cheti mkononi. Lakini ajuaye kwamba C. W. Hobley alikuwa mtawala wa Kiingereza kule Mumias katika miaka ya 1890 hupata mara moja umri ulio karibu na kweli. Akisema ni mwaka ule reli ilipofika Kisumu, twajua ni 1901.

Vyeo vya watawala navyo ni ushahidi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nane, Paulo ashtakiwa huko Korintho mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Kwa karne nyingi jina hilo halikuwa na tarehe ya hakika. Kisha huko Delphi, katika nchi ya Uyunani, vilipatikana vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio, na taarifa ya kwanza juu yake ilitolewa mwaka 1905. Barua hiyo yamtaja Galio kwa cheo kile kile alichopewa na Luka, na kwa hesabu za enzi ya Klaudio yaonekana kwamba alikuwa Akaya kama mwaka 51 au 52. Kwa jiwe hilo moja, wataalamu walipata msumari wa kutundikia tarehe nyingi za safari za Paulo.

Jambo hilo si dogo, maana mipaka ya majimbo ya Roma ilibadilishwa mara kwa mara, na liwali wa mwaka huu hakuwa na cheo sawa na mtawala wa miaka kumi iliyopita. Mtu wa Marachi aelewa vema. Leo Busia na Malaba ni milango ya Kenya, lakini hadi mwaka 1902 nchi hii yote ilihesabiwa kuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mjukuu asiyejua habari hiyo aweza kumcheka babu asemaye kwamba wazazi wake walikuwa chini ya Serikali ya Uganda. Ajuaye atasema: mzee huyu amepokea habari zake kwa mtu aliyekuwapo.

MANENO YA WASIOIPENDA IMANI

Wako pia mashahidi walioandika juu ya Wakristo bila kuwapenda. Wa kwanza ni Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliyeandika karibu na mwaka 116. Akieleza moto mkubwa ulioteketeza mji wa Roma mwaka 64, asema kwamba Kaisari Nero aliwasingizia Wakristo na kuwaua kwa mateso ya kutisha. Kisha aeleza jina lao lilitoka wapi: mwanzilishi wao, Kristo, aliuawa katika enzi ya Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Tacitus aliidharau dini hiyo na kuiita ushirikina wenye madhara. Hakuwa na sababu ya kuisaidia, na kwa hiyo neno lake lina uzito.

Wa pili ni Pliny, aliyekuwa mtawala wa Bithinia na Ponto, nchi ambazo leo zimo katika Uturuki. Msomaji atazikumta zikitajwa mwanzoni mwa Waraka wa Kwanza wa Petro. Karibu na mwaka 112 Pliny alimwandikia Kaisari Trajan kuomba shauri, kwa maana Wakristo walikuwa wamezidi mijini na vijijini hata mahekalu yakaanza kuachwa. Alikuwa amewahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa watumishi wa kanisa akawatesa ili apate siri yao. Alichokipata ni hiki: walikutana siku maalum kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakaapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Trajan alijibu kwamba wasitafutwe, na barua za uchongezi zisizo na jina zisipokewe. Lakini aliyeshtakiwa akakataa kuikana imani yake aadhibiwe.

Karani yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya mkoa ataitambua barua ya namna hiyo: mtumishi wa Serikali aandika kwa mkubwa wake kuuliza afanyeje. Pliny hakujua kwamba anawaandikia Wakristo wa miaka elfu mbili baadaye habari za ibada za ndugu zao.

KIFO CHA HERODE AGRIPA

Shahidi wa tatu ni Josephus, Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyezaliwa mwaka 37. Alikuwa jemadari wa Wayahudi katika Galilaya walipopigana na Warumi, akatekwa, na mwishowe akakaa Roma akiandika historia ya watu wake. Hakuwa Mkristo.

Matendo ya Mitume, sura ya kumi na mbili, yasimulia jinsi mfalme Herode alivyoketi Kaisaria katika mavazi ya kifalme, watu wakampigia kelele kwamba sauti yake ni ya mungu, naye akapigwa kwa sababu hakumpa Mungu utukufu. Josephus asimulia jambo hilo hilo, la mwaka 44. Yeye ataja vazi lililofumwa kwa fedha likimeta katika jua la asubuhi, watu wa kujipendekeza wakimwita mungu, mfalme akikosa kuwakemea, na maumivu ya tumbo yaliyomwua baada ya siku tano. Luka ataja watu wa Tiro na Sidoni waliokuja kutaka amani, na Josephus hawataji. Josephus asema ilikuwa sikukuu ya heshima ya Kaisari, na Luka hasemi. Kila mmoja ana lake, lakini mti wa habari ni mmoja.

Josephus ataja pia kuuawa kwa Yohana Mbatizaji kwa amri ya Herode Antipa. Injili zaeleza chuki ya Herodia. Yeye aeleza hofu ya mfalme kwamba umati uliomfuata Yohana ungeasi. Sababu hizo mbili zaweza kukaa katika nyumba moja: mtawala aweza kuwa na mke mwenye kinyongo na pia hofu ya fitina katika nchi. Tena ataja kifo cha Yakobo, ndugu yake Yesu, mwaka 62, wakati liwali Festo alipokuwa amekufa na mwingine hajawasili.

MAWE YA WAFALME

Katika Agano la Kale ushahidi wa nje huonekana zaidi katika mawe na udongo wa kuchomwa. Mwaka 1830 lilipatikana huko Ninawi gogo la udongo lenye pembe sita, ambalo limeandikwa vita vya Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Asema kwamba katika vita vya mwaka 701 kabla ya Kristo aliteka miji 46 ya Hezekia na kumfungia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Ataja kodi ya talanta 30 za dhahabu, kama vile Kitabu cha Pili cha Wafalme kisemavyo. Lakini katika fedha yeye asema 800, na Biblia yasema 300. Asilolisema ni kwamba aliuteka Yerusalemu. Mfalme aliyejisifu kwa kila kijiji alichokichoma alinyamaza juu ya mji mkuu, na kunyamaza huko ni ushahidi pia.

Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lilionekana mwaka 1868. Lataja Omri, mfalme wa Israeli, na jinsi alivyoikandamiza Moabu. Mesha aona kwamba hayo yalitokea kwa sababu mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi, na kwamba Kemoshi huyo ndiye aliyemwokoa. Biblia yasimulia uasi wa Mesha kutoka upande wa Israeli. Adui wawili wasimulia vita vimoja, na kila mmoja amshukuru anayemwabudu.

PALE PASIPOLINGANA

Mkristo mwaminifu asifiche yaliyo magumu. Luka ataja hesabu ya watu wakati Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Kwa habari za Josephus, hesabu ya Kirenio ilifanywa mwaka 6 baada ya Kristo, hali Herode Mkuu, ambaye Injili zasema alikuwa akitawala Yesu alipozaliwa, alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Wataalamu wamejaribu kuyapatanisha kwa njia nyingi, na hakuna njia iliyokubaliwa na wote.

Liko pia fungu moja katika kitabu cha Josephus lisemalo waziwazi kwamba Yesu ndiye Kristo na kwamba alifufuka. Zamani wahubiri walilitumia sana. Lakini Myahudi asiyekuwa Mkristo hangeandika hivyo, na wataalamu wengi leo wasema kwamba Josephus aliandika maneno machache tu juu ya Yesu, kisha mkono wa Mkristo aliyenakili kitabu ukaongeza mengine. Huyo alidhani anaisaidia imani. Alichofanya ni kumchafua shahidi mwema, hata leo kila neno la fungu lile latiliwa shaka. Arefushaye ushahidi wa jirani barazani huwapa wapinzani silaha.

Na waandishi wa nje nao hukosea. Mwaka 1961 Wataliano waliokuwa wakichimba huko Kaisaria walipata jiwe lenye jina la Pilato. Tacitus alikuwa amempa cheo ambacho watawala wa Uyahudi walikuja kupewa baadaye. Jiwe lilionyesha kwamba katika siku zake Pilato aliitwa kwa cheo kingine. Hakuna asemaye kwa sababu hiyo kwamba Tacitus ni mwongo. Na Luka asomwe kwa haki iyo hiyo.

HABARI MOJA, MASHAHIDI WENGI

Nchi hizi za mpakani zina mfano wake. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, akamwacha William Jones, Mwafrika mtumishi wa kanisa, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akaenda magharibi na watu hamsini hadi Busoga. Huko aliuawa tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Shajara yake ilipatikana na ikachapishwa, nayo yafika siku ile ile ya mwisho. Lakini shajara haiwezi kueleza kifo cha mwenye kuiandika. Hayo yalijulikana kwa wapagazi wachache waliookoka na kwa barua za wamisionari waliokuwa Buganda. Historia ya kweli hujengwa hivyo, kwa mashahidi wasiofanana. John Osogo na Gideon Were nao, katika vitabu vyao vya historia ya Abaluyia vilivyotoka miaka ya 1966 na 1967, walikusanya simulizi za wazee ambazo hapo kwanza hazikuwa na kitabu.

Basi kijana aulizaye apewe jibu lililo kamili. Aambiwe kwamba Pilato, Galio, Herode na Hezekia ni watu waliokuwapo, na kwamba watu wasio wa imani waliwaandika. Aambiwe pia mahali penye shaka, ili asije akayasikia kwa mara ya kwanza kwa mtu apendaye kumwangusha. Na aelezwe kazi ya kila shahidi inakoma wapi. Jiwe la Kaisaria laweza kuthibitisha kwamba Pilato alitawala. Haliwezi kuthibitisha kwamba yule aliyemsulubisha alifufuka siku ya tatu. Pliny ashuhudia kwamba Wakristo walimwimbia Kristo kama Mungu, na hata mateso ya wanawake wawili watumwa hayakumpa siri nyingine. Zaidi ya hapo historia haisemi, na kila msomaji huamua mwenyewe mbele za Mungu.