Kabla hujacheka kozi ya anthropolojia, nisikize

Najua utauliza, kila mtu huuliza: "Anthropolojia? Ukimaliza utaajiriwa wapi?" Mjomba aliniuliza hivyo mbele ya familia nzima. Sikuwa na jibu. Nilisoma kozi hiyo kwa sababu ndiyo niliyopewa.

Mwaka wa pili tukatumwa nyanjani. Mimi nikachagua steji ya matatu mtaani kwetu. Kwani kuna nini hapo nisichokijua? Nikajaza daftari maswali na majibu, nikapeleka. Mhadhiri akanirudishia: "Umewahoji tu. Hujakaa nao."

Kukaa nao ndiyo kazi yenyewe, rafiki. Bronislaw Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza lugha ya wenyeji. Baadaye alifundisha London School of Economics, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta. Naam, huyo huyo wa kwenye noti. Masomo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake kuhusu Wagikuyu, Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Wakati huo, wageni ndio waliozoea kuandika kutuhusu.

Okot p'Bitek wa Uganda naye alisomea somo hili Oxford. Alipowasikia wahadhiri wakiwaita Waafrika washenzi, alipinga pale pale darasani. Lakini hakuacha kusoma, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Basi nikarudi steji. Nikakaa, nikanywa chai nao, nikasaidia kupakia mizigo. Wiki ya tatu nikagundua kitu. Mmoja wa wapiga debe alikuwa mgonjwa nyumbani, lakini zamu yake iliendelea kuitwa kila asubuhi na pesa zake kuwekwa kando. Hakuna mahali sheria hiyo imeandikwa. Nilikuwa nimepita hapo miaka nikidhani ni kelele tu.

Mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikaacha chuo. Daftari bado liko chini ya kitanda. Nikipita steji, kuna mzee mmoja huniuliza, "Kijana, kitabu chetu kimefika wapi?" Nilimwahidi. Siku hizi wakati mwingine mimi huzunguka kwa njia ya nyuma, nisikutane naye.

Kwa hivyo kama umeitwa kozi hii, usiingie kama nilivyoingia. Waombe watu idhini kabla ya kuandika. Ficha majina yao. Ukifika hatua ya utafiti rasmi, tafuta leseni ya NACOSTI mapema. Na usimwahidi mtu kitu ambacho huna hakika utakimaliza.

Kuhusu kazi, sitakudanganya, si rahisi. Lakini wanaotaka kujua kwa nini watu wanakataa chanjo, au kwa nini choo kipya hakitumiwi, huhitaji mtu anayejua kukaa na kusikiliza.

Mimi kesho napitia njia ya mbele. Nitamwambia mzee ukweli, kisha nimsomee nilichonacho.