Shuka Limefungwa Wapi? Nyonga Iliyovunjika na Saa za Mwanzo

Kutoka Manyoni hadi Jiji la Dodoma ni zaidi ya kilomita 100. Majeruhi wa pikipiki aliyevunjika nyonga huko hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwa daktari bingwa wa mifupa: wapita njia, mhudumu wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa. Kwa sababu hiyo, somo la kwanza ninalowapa madaktari wanaojifunza upasuaji wa mifupa ni la shuka.

Mifupa ya nyonga imeungana mfano wa pete. Pete hiyo ikivunjika na kutanuka, mishipa iliyochanika huweza kumwaga ndani lita 2 za damu au zaidi, bila tone kuonekana nje. Mtu mzima ana takriban lita 5 tu.

Shuka lililokunjwa kwa upana, likizungushwa na kukazwa, huirudisha pete karibu na umbo lake na kupunguza uvujaji. Lifungwe usawa wa nundu za mifupa ya mapaja, zile zinazopapasika pembeni, chini ya kiuno. Kosa la kawaida ni kulifunga tumboni, ambako haliibani nyonga na huweza kumzuia majeruhi kupumua vizuri. Magoti nayo yafungwe pamoja.

Kwa wenzetu wa zahanati na vituo vya afya: nyonga isitikiswe ili kupima kama imelegea, kwani damu iliyoanza kuganda huachia. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, mpira wa mkojo usiingizwe kabla ya kupata ushauri. Asidi ya traneksamiki, kama ipo, itolewe mapema, ndani ya saa 3 tangu ajali. Ndugu waelezwe mara moja haja ya kuchangia damu.

Sahani na skrubu vina wakati wake, mgonjwa akishatulia. Baada ya upasuaji, mgonjwa asiukanyagie mguu mpaka aruhusiwe, hata kama maumivu yamekwisha.

Simu ya rufaa inapoingia usiku, wanafunzi wangu hutaka kuuliza kwanza picha ya eksirei inaonyesha nini. Nimewazoeza kutanguliza swali jingine: shuka limefungwa wapi? Likiwa tumboni, gari lisimame, lishushwe, ndipo safari iendelee.